Kura 182: kisa cha kumpigia debe kiongozi anayetetea kiti

Matokeo yaliponifikia, mwanzoni mwa Machi 2024, nilikuwa nimesimama kwenye korido ya maktaba na toroli la vitabu mbele yangu. Jo Grady, katibu mkuu wa chama chetu cha wafanyakazi wa vyuo vikuu vya Uingereza, aliyekuwa akitetea kiti chake, kura 7,758. Ewan McGaughey, mshindani aliyefika naye mzunguko wa mwisho, kura 7,576. Tofauti kura 182. Wangehama watu 92 tu kutoka upande wa Grady kwenda upande wa pili, chama kingekuwa na katibu mkuu mpya siku hiyo.

Mimi nilikuwa upande wa Grady. Tangu mwisho wa Januari jioni zangu zilikwisha kwa kuwapigia simu wanachama wenzangu ninaowafahamu, kwa simu yangu mwenyewe, nikiwaomba wamrudishe. Nimeamua kukiandika kisa hiki kwa sababu sisi tulio kwenye vyama vya wahadhiri na wafanyakazi wa vyuo vikuu tumezoea sana kueleza kwa nini kiongozi aondoke. Kueleza kwa nini abaki tunaona haya. Anayefanya hivyo huonekana anajipendekeza, au ameahidiwa kitu. Na kweli wapo wa namna hiyo. Lakini kuna uamuzi wa haki wa kumrudisha mtu, na uamuzi huo una hoja zake nzuri na hoja zake mbovu. Mimi nilianza na zile mbovu.

Chama chenyewe ni University and College Union ya Uingereza, UCU kwa kifupi. Kilizaliwa mwaka 2006 vyama viwili, AUT na NATFHE, vilipoungana. Wanachama wake ni zaidi ya laki moja: wahadhiri, watafiti, wakutubi, maofisa utawala, watu wa kompyuta, walimu wa vyuo vya kati, hata wanaofundisha magerezani. Kenya wahadhiri wana UASU yao na wafanyakazi wengine wana KUSU. Kule tulikuwa chungu kimoja, mimi wa maktaba na yule wa darasani. Hili la chungu kimoja msomaji alishike, maana ndilo lililonipa taabu kubwa kwenye simu.

Sheria ya vyama vya wafanyakazi ya 1992 inataka katibu mkuu arudi kwa wapiga kura angalau kila miaka mitano. Kura ya 2024 ilikuwa ya posta, ikisimamiwa na msimamizi huru asiye mtu wa chama, na kila mgombea ana haki maelezo yake yaingizwe kwenye bahasha ileile ya kura bila kulipa senti. Basi siku moja bahasha inaanguka mlangoni. Ndani kuna kijitabu chenye maelezo ya wagombea, karatasi ya kura, na bahasha ndogo ya kurudishia ambayo stempu yake imeshalipwa. Unawapanga wagombea kwa namba: moja, mbili, tatu, nne. Unafunga, unatia kwenye sanduku la posta. Kazi ya dakika tano. Mwaka 2024 waliofanya kazi hiyo walikuwa takriban asilimia 15 ya wanachama.

Aliingia kama mpinzani

Huwezi kuelewa uchaguzi wa 2024 bila kurudi 2018. Februari mwaka huo UCU kiligoma kwa siku 14 katika vyuo zaidi ya 60 kuhusu USS, mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa vyuo vikuu, ambao waajiri walitaka kuufuta utaratibu wake wa malipo ya uhakika. Machi 12 wapatanishi wakatoka na makubaliano. Ndani ya siku moja matawi yakayakataa, watu wakajaa nje ya makao makuu ya chama wakipinga. Katibu mkuu wa wakati ule, Sally Hunt, alipata misukosuko kwenye mkutano mkuu wa mwaka huo, na mwaka 2019 akajiuzulu kwa sababu za afya.

Grady alitoka kwenye vuguvugu lile. Alikuwa mhadhiri wa mahusiano kazini Sheffield, binti wa mchimba makaa aliyeshiriki mgomo wa 1984 na 1985, na jina lake lilijulikana kwa kuwasaidia wanachama kuelewa hesabu za pensheni ambazo makao makuu hayakuzieleza. Mei 2019 aligombea na wenzake wawili akapata asilimia 64 ya kura. Waliopiga walikuwa asilimia 20 na nusu, na kwa chama kile hiyo ilikuwa idadi ya kujivunia.

Miaka mitano baadaye lawama zilezile alizokuwa akimtupia aliyemtangulia zilikuwa zinamrudia yeye: hashauriani, anaamua na watu wachache, anasimamisha mapambano yakiwa yamepamba moto. Mzunguko wa mwisho alipata asilimia 50.6. Mtu aliyeingia kwa mafuriko alibaki kwa matone.

Sidhani kwamba alibadilika tabia. Kiti kile kina shida yake. Ukiwa nje unadai, na dai halina gharama. Ukiwa ndani unatia saini, na kila saini ina mtu itakayemuumiza. Anayempigia debe kiongozi aliye madarakani lazima akubali kwamba mtu wake ana vidonda ambavyo mshindani hana, kwa sababu mshindani hajapelekwa vitani. Ukijifanya huvioni, watu wanakukatia simu.

Pensheni

Hapa ndipo nilipokuwa na nguvu, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hoja ya pensheni ilisemwa vibaya na pande zote mbili.

Aprili 2022 waajiri walipitisha makato makubwa kwenye mafao ya USS. Kiwango cha kujilimbikizia pensheni kilishushwa kutoka sehemu moja ya 75 ya mshahara kwa kila mwaka wa kazi hadi sehemu moja ya 85. Kikomo cha mshahara unaoingia kwenye hesabu hiyo kilishushwa hadi pauni 40,000. Chukua mtu wa pauni 40,000. Kwa utaratibu wa zamani kila mwaka anaofanya kazi unamwongezea pensheni ya pauni 533 kwa mwaka. Kwa utaratibu mpya pauni 471. Zidisha tofauti hiyo kwa miaka 30 ya kazi, kisha zidisha kwa miaka atakayoishi baada ya kustaafu. Wakati huohuo mchango wake ulikuwa asilimia 9.8 ya mshahara.

Sababu iliyotolewa ilikuwa tathmini ya Machi 31, 2020 iliyoonyesha mfuko una nakisi ya pauni bilioni 14.1. Tazama tarehe hiyo. Ni wiki chache baada ya masoko ya dunia kuporomoka kwa janga la korona, riba ya benki kuu ya Uingereza ikiwa asilimia 0.1. Riba ikiwa chini namna hiyo, ahadi ya kumlipa mtu pensheni miaka 40 ijayo huonekana ghali mno kwenye vitabu vya leo. Machi 2023 riba ilikuwa imefika asilimia 4.25, na tathmini ya Machi 31 mwaka huo ikaonyesha mfuko uleule una ziada ya pauni bilioni 7.4. Wastaafu walikuwa walewale na ahadi zilezile. Kilichobadilika zaidi ni kipimo.

Matokeo yake, kuanzia Januari 2024 mchango wa mwanachama ulishuka hadi asilimia 6.1, na kuanzia Aprili 1, 2024 mafao yakarudishwa: sehemu moja ya 75, na kikomo kikapanda hadi pauni 70,296. Kwa yule mtu wetu wa pauni 40,000, tofauti ya mchango peke yake ni pauni 1,480 kwa mwaka kabla ya hesabu za kodi. Nilipoiona kwenye karatasi yangu ya mshahara ya Januari nilidhani wamekosea.

Wapinzani wa Grady walisema ushindi huu uliletwa na riba, kwamba hata kama asingekuwepo mfuko ungepona. Wafuasi wake, nami nikiwa mmoja wao wiki ya kwanza, tulisema umeletwa na mgomo. Ukweli una sehemu mbili, na ukitaja moja tu unadanganya. Riba ndiyo iliyoleta ziada. Lakini ziada ikishapatikana lazima mtu aamue iende wapi. Waajiri wangeweza kabisa kupunguza mchango wao, wakaacha mafao yalivyokatwa, na kusema mambo yametulia. Hilo halikutokea kwa sababu kwa miaka mitano kila mwajiri aliyegusa mfuko ule alikumbana na mgomo, na kwa sababu Oktoba 2022 wanachama katika vyuo vikuu 150 walipiga kura ya pamoja, zaidi ya asilimia 50 wakajitokeza kama sheria ya 2016 ilivyotaka, na zaidi ya asilimia 80 wakakubali kugoma. Kura ya pamoja ya nchi nzima ilikuwa haijawahi kuvuka kizingiti hicho kwenye chama chetu. Grady na watu wake waliijenga: simu, barua, mikutano ya tawi kwa tawi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Nilipoanza kuwaeleza watu hivyo, kwa sehemu zote mbili, sauti za upande wa pili wa simu zilibadilika. Mtu akikusikia umekiri kwamba riba ilisaidia, anakuamini unapomwambia kwamba mgomo nao ulisaidia.

Dada

Kisha nikampigia dada mmoja, mhadhiri, mzaliwa wa Mombasa, ambaye ndiye aliyenipokea nilipofika chuoni pale nikitokea Tanga. Tulizoea kula pamoja sikukuu zote. Nikamwambia nimepiga kuhusu uchaguzi.

Akanyamaza kidogo. Kisha: "Mdogo wangu, unakumbuka nilikatwa kiasi gani?"

Nilikumbuka. Aprili 20, 2023, baada ya wanachama kukataa yaliyopendekezwa kwenye mishahara, chama kilianza kususia usahihishaji wa mitihani katika vyuo 145. Waajiri wakajibu kwa makato. Vyuo vingine vilikata nusu ya mshahara, vingine vyote, ingawa mtu alikuwa anafundisha, anasimamia wanafunzi na kuhudhuria vikao; alichokataa ni kusahihisha tu. Chuo chetu kilikata nusu. Mfuko wa mapambano wa chama ulirudisha sehemu. Mfumuko wa bei uliokuwa umefika asilimia 11.1 miezi michache kabla ulikuwa bado unauma. Dada ana watoto wawili na mama anayemtumia matumizi kila mwezi. Alisimama imara hadi Septemba 6, siku ususiaji ulipofungwa mapema kwa uamuzi wa wanachama, na mishahara ikabaki palepale waajiri walipoipanga.

Mimi wa maktaba sikusahihisha mtihani wowote. Sikukatwa hata senti. Ndiyo maana nilisema chungu kimoja kishikwe: uamuzi ulikuwa wa chama kizima, moto ukawaka chini ya baadhi yetu tu.

Nikajibu kijinga. Nikamwambia, dada, zimwi likujualo halikuli likakwisha.

"Basi mwenyewe umekiri kwamba ni zimwi," akasema. "Usiku mwema."

Hoja ile ndiyo inayotumiwa zaidi kuwatetea viongozi waliopo, na ni mbovu kuliko zote. Inamwambia mwanachama kwamba hana cha kutarajia. Inafanana na ile nyingine, ya kwamba tusibadilishe nahodha jahazi likiwa katikati ya bahari. Kwa haki, hii ya pili ilikuwa na uzito kidogo kwetu, kwa kuwa kura zilifungwa mwezi mmoja tu kabla ya mafao ya pensheni kurudi rasmi. Lakini kidogo tu. Makubaliano yalikwisha sainiwa, watumishi wa chama wanaojua hesabu wangebaki ofisini kwao, na chama kinachoweza kuzamishwa na kuondoka kwa mtu mmoja kina ugonjwa ambao uchaguzi hauutibu.

Usiku ule sikupiga simu nyingine. Nilikaa nikajiuliza, nikiondoa pensheni ambayo tayari imepatikana, kwa nini hasa nataka huyu mama arudi? Shukrani haitoshi. Kura si mshahara wa kazi iliyofanyika. Ni ruhusa ya kazi itakayofanyika.

Makosa yalikuwa ya nani

Kulikuwa na makosa mawili makubwa yaliyokuwa yakitajwa kwenye kila simu.

La kwanza ni Februari 2023. Tulikuwa tumepanga siku 18 za kugoma. Katikati ya safari, Februari 17, Grady akatangaza kwamba tunasimama wiki mbili ili mazungumzo yaendelee. Watu walikuwa wameshajipanga, wameshawaambia wanafunzi, wengine walikuwa na mabango mkononi. Hasira ilikuwa kubwa, na swali lilikuwa sahihi: nani kaamua? Kwenye UCU maamuzi ya migomo ya vyuo vikuu ni ya kamati iliyochaguliwa kwa kazi hiyo. Mei mwaka huo, kwenye mkutano mkuu Glasgow, hoja ya kutokuwa na imani naye ilishindwa, lakini hoja ya kumkemea rasmi ikapita. Nadhani wajumbe walikuwa sahihi kwa zote mbili. Kusimamisha mgomo kunaweza kuwa na busara. Kuusimamisha bila wanaogoma kujua kunavunja kitu ambacho hakirudi kwa barua ya maelezo.

La pili ni ule ususiaji wenyewe. Hapa nilitofautiana na wengi, na bado natofautiana nao. Ususiaji haukuwa wa Grady peke yake. Wanachama waliupigia kura. Kamati iliupanga. Wapo kati ya wakosoaji wake wakali waliotaka uende mbele zaidi na uchukue muda mrefu zaidi. Kosa kubwa, kwamba hapakuwa na mpango wa kugawana maumivu kati ya wanaosahihisha na tusiosahihisha, lilikuwa letu sote, na zaidi letu tusiosahihisha. Kisha Novemba 2023 kura mpya ya kuendelea na mapambano ikashindwa kuvuka kizingiti, waliojitokeza wakiwa takriban asilimia 43. Watu walikuwa wamechoka.

Kumwondoa katibu mkuu kungetufanya tujisikie tumeshughulikia jambo. Mpya angeingia na kusema kwa haki kabisa kwamba hayo yalifanyika kabla yake. Grady asingeweza kusema hivyo. Kila mkutano atakaokaa, angekuwa anakaa na Februari 17 pembeni yake. Hapo ndipo nilipopata sababu yangu: alikuwa na deni kwetu, nami nilitaka mdaiwa abaki pale tunapoweza kumfikia.

Si hoja ya kupendeza kwenye bango. Lakini ilikuwa ya kweli kwangu, na tangu hapo nilianza simu zangu na deni. Nilikuwa namuuliza mtu kwanza: wewe anakudai nini, na wewe unamdai nini? Wengi walizungumza dakika kumi kabla sijasema lolote. Wengine walimaliza wakiwa wamejishawishi wenyewe kumpigia mtu mwingine, na hao niliwashukuru nikakata simu. Kampeni ya kutetea aliyepo ikiwa haiwezi kuvumilia kusikia mabaya yake, inakuwa imeshindwa kabla ya kura.

Washindani wake hawakuwa watu wa kubezwa. McGaughey, profesa wa sheria King's College London, alikuwa amewapeleka mahakamani wakurugenzi wa kampuni inayosimamia USS, akishirikiana na mwenzake. Walishindwa kwenye Mahakama ya Rufani 2023, lakini walithubutu. Vicky Blake alikuwa rais wa chama miaka ya korona. Saira Weiner alibeba sauti ya mrengo wa kushoto, UCU Left, ambao matawi yao ndiyo hujaza mistari ya mgomo asubuhi za baridi. Nilisikia wafuasi wenzangu wakiwaita wavurugaji. Huko kulikuwa kuwakosea haki, na lilikuwa pia kosa la hesabu.

Kwa nini hesabu? Kwa sababu ya zile namba. Kwenye utaratibu wa kupanga wagombea, asiyepata zaidi ya nusu haendi nyumbani na ushindi. Wa mwisho anaondolewa, na kura zake zinahamia kwa aliyepewa namba mbili. Karatasi yenye namba moja tu, mgombea wake akitolewa, inakufa. Kiongozi aliye madarakani ana wapenzi wake na ana maadui wake, na wote wameshaamua. Anaponea kwa watu wa katikati: wale wanaompa mwingine namba moja kwa moyo, halafu wanajiuliza mbili wampe nani. Ukishamwita mgombea wa mtu mvurugaji, namba mbili yake umeipoteza. Wiki mbili za kwanza nilikuwa naomba namba moja peke yake, na nikikataliwa naaga. Sijui nilitupa namba mbili ngapi kwa ujinga ule. Ushindi wenyewe ukaja kuwa wa 182, na ukizigawa kwa vyuo 150 vilivyopiga kura ile ya 2022, kila chuo kinapata kura moja na kitu.

Jambo moja bado linanisumbua. Katibu mkuu aliye kazini barua zake zinawafikia wanachama wote kwa sababu ndiyo kazi yake. Mshindani hana njia hiyo. Wanachama kadhaa waliniuliza iwapo barua fulani ni ya kazi au ya kampeni, na mara moja sikuwa na jibu la uhakika. Ningeweza kuandika makao makuu nikauliza, sikuandika. Tuliokuwa tunamuunga mkono ndio tuliopaswa kuwa wa kwanza kudai mpaka uwe wazi, kwa sababu ushindi wa kura 182 ukiwa na shaka hata ndogo, shaka hiyo inakuwa kubwa kuliko ushindi. Mshindani akilalamika anaonekana analilia kiti. Mfuasi akilalamika anasikilizwa.

Baada ya hapo

Wiki moja baada ya matokeo tawi letu lilikutana. Niliwahi na hoja mbili nilizokuwa nimezitaja kwenye simu zangu kama masharti: kwamba mgomo uliopangwa usisimamishwe bila kamati husika kuketi na matawi kuarifiwa siku hiyohiyo, na kwamba ususiaji wowote wa baadaye uende pamoja na mchango kutoka kwa wale ambao kazi yao haiguswi na makato. Nilidhani ya kwanza ndiyo itakayoleta mjadala. Ilipita bila maneno. Ya pili ikachukua saa nzima. Mtu wa kompyuta aliuliza kwa nini alipie uamuzi ambao yeye aliupinga. Swali zuri. Nikamwambia kwamba nami niliuliza hivyohivyo mwaka uliopita, nikiwa na mshahara wangu kamili mfukoni, na kwamba nilikuwa nalionea haya swali lile tangu usiku mmoja wa Februari. Tukakubaliana asilimia 2 ya mshahara, kwa hiari, kwa agizo la benki, iende kwenye mfuko wa tawi. Watu 31 tulijaza fomu usiku uleule.

Dada alikuwepo, amekaa nyuma karibu na mlango. Tulitoka pamoja hadi kituo cha basi. Sikuwa nimemuuliza alipigaje kura na sikukusudia kumuuliza, maana ni siri yake.

"Namba moja nilimpa Blake," akasema mwenyewe. "Wako nikampa mbili. Kwa ajili ya ile asilimia sita ya pensheni. Usije ukadhani ni kwa ajili ya simu yako."

Blake hakufika mzunguko wa mwisho. Kwa hiyo kura ya dada, kama aliipanga alivyosema, ilihama, na imo ndani ya zile 7,758. Nilitaka kumwambia, basi likafika, akapanda.